Kiatu Hupimwa Kwenye Kushuka

Buguruni, Dar es Salaam

Baba,

Shikamoo. Natumaini umekaa unaposoma, maana barua hii nimeichomeka ndani ya kiatu cha kushoto makusudi, ili ufungue boksi, ukasirike kwanza, ndipo uione. Goti linasemaje na baridi ya huko? Mama aliniambia mvua zimeshika na kwamba unalikanda kwa maji ya moto kila asubuhi. Na yule ng'ombe mwenye doa usoni, ameshazaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la Dar limenichosha. Huku hata maji ya bombani yanatoka ya vuguvugu, na chumba changu kina dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ipo, Baba, lakini nikitaja neno mlima unasema mtandao unasumbua. Mara ya mwisho nilisikia kabisa ukimwambia Mama, "Huyu naye kaanza," kisha mtandao ukasumbua. Barua haina mtandao. Ukiikunja itakusubiri hapo hapo.

Usimkasirikie mdogo wangu Aika kwa ajili ya viatu hivi, hakuniomba. Aliniambia tu kwamba amefaulu mafunzo ya kuongoza watalii, kwamba mvua zikiisha atapanda na kundi lake la kwanza kama msaidizi, na kwamba wamemwazima buti za kiume. Nikamuuliza zikoje. Akasema, "Mbele zinanitosha dada, nyuma naogelea." Hapo nikakaa kitandani. Nadhani unajua kwa nini nilikaa.

Hii miguu yetu, Baba, sijui ilitoka kwa nani. Mbele pana kwa kukua peku kwenye matope ya kihamba chetu cha migomba, nyuma kisigino chembamba kama mpini wa mwiko. Unakumbuka mimi na Aika tulivyokuwa tukirithishana vile viatu vyeusi vya kanisani? Ukichukua vidogo, vidole vinalia. Ukichukua vikubwa, kisigino kinatoka kila hatua, na tulikuwa tukienda kutoa sadaka kanisa zima linasikia kwap, kwap, kwap. Bibi alisema Mungu alitengeneza vidole vyetu siku ya Jumatatu akiwa na udongo wa kutosha, visigino akavifanya Jumamosi jioni.

Nilicheka naye wakati ule. Lakini nakumbuka pia siku walipokuleta nyumbani kutoka mlimani kwenye machela. Aika alikuwa bado anabebwa mgongoni kwa Mama. Zile buti ulizoazimwa zilikuwa zimening'inizwa kwenye ncha ya machela, na Mama alipozifungua kamba ili azirudishe kwa mwenyewe, akatoa gazeti lililoloa, kipande baada ya kipande, huko nyuma ya kisigino. Hukuanguka kwa uzembe, Baba. Ulianguka kwa sababu kisigino chako kilikuwa kinacheza ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Sijawahi kukuambia hivi, na nimefurahi kwamba sasa nimekuambia.

Basi nikaanza kutafuta. Nikitoka dukani kwa Bi Salha, ambako nauza vitenge, nazunguka Kariakoo mpaka giza liingie. Duka la kwanza nilimwambia kijana wa watu, "Naomba viatu vya kupandia." Akaingia stoo kwa mbio, akarudi na gambuti mbili, ya kijani na nyeusi.

"Unapanda nini, sista? Kama ni mpunga chukua ndefu hizi."

"Kupanda mlima, kaka."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mlima? Sasa huko mnapanda kwa hiari yenu, au kuna mtu mmemkosea?"

Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Baadaye nikitembea nikawaza kwamba hata wewe na Aika mmegombana kwa neno hilo hilo moja. Wewe ulitaka apande migomba, yeye akasikia mlima.

Maduka yote ya buti mpya nimeyamaliza. Zinang'aa, lakini ukiipinda soli gundi inachungulia. Nikaletewa za walinzi, nzito, nyuma pana kama sufuria. Kila muuzaji aliniapia kwamba ngozi ikizoea itabana. Mmoja aliniambia tatizo si kiatu, ni mguu, nibadilishe mguu. Buguruni nako nilipita, nikapata za mafundi wa magari, zenye chuma mbele. Ilala, kwenye mitumba ya Karume, ndipo nilipompata Hamadi, muuza viatu ambaye kazi yake ni kuongea tu, viatu vinajiuza vyenyewe.

"Mambo, dada?"

"Poa. Nataka buti za mlima, za kike, nyuma nyembamba."

Kwa mara ya kwanza mtu hakunicheka. Akainama chini ya meza, akavuta hizi unazoziona, za kijivu zenye uzi wa zambarau. "Hizi zilitoka kwenye belo la juzi. Wanaume wamezijaribu wote hapa, wametoka wanachechemea. Zilikuwa zinamsubiri mwanamke."

Nikazivaa. Mbele vidole vikakaa kwa raha. Nyuma zikashika! Nikatembea mbele ya meza yake nikarudi, Hamadi akaanza kutafuta mfuko wa kufungia. Nikamwambia asubiri, nataka ngazi.

"Ngazi za nini tena? Si umetembea?"

Nikamjibu kama ulivyokuwa ukitujibu sisi, kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kiatu cha mlima hakipimwi kwenye kupanda. Kila mtu hupanda vizuri. Hupimwa kwenye kushuka, vidole vinapokimbilia mbele na kisigino kinapotaka kuvifuata.

Karume hakuna ngazi za maana, hivyo tukaenda mpaka kwa Bi Salha, Kariakoo, mimi mbele na buti zake miguuni, Hamadi nyuma amekumbatia kandambili zangu kama rehani na kuwaambia watu njia nzima, "Huyu dada akikimbia nisaidieni." Bi Salha umeshanisikia nikimtaja. Ni mama wa Kiarabu, familia yake imeuza nguo mtaa ule tangu enzi za babu yake, na stoo yake iko ghorofa ya juu kabisa. Alipoambiwa shida yangu akanionyesha jora zito la kitenge na kusema, "Kama ni mlima, huwezi kupanda mikono mitupu. Ndugu yako si atabeba begi?"

Nikalitia jora begani nikapanda. Safi kabisa. Nikageuka kushuka, na kwenye ngazi za mwanzo tu nikahisi kile kitu: kisigino kikainuka, kidogo sana, unene wa kitambaa, na vidole vikagonga mbele. Nikashuka tena, kikainuka tena. Hamadi akasema kwa moyo mweupe, "Hicho ni kidogo, dada. Chomeka gazeti hapo nyuma, kwisha habari."

Maskini, hakujua. Nilimfokea mpaka wabeba mizigo wakasimama na marobota yao. Kisha nikakaa kwenye ngazi na machozi yakanitoka mbele ya watu. Niliogopa, Baba. Nilimwona Aika kwenye yale mawe ya kushukia, na watu wanne wanamleta.

Bi Salha akakaa pembeni yangu, na yeye si mtu wa kukaa kwenye ngazi. Akaniuliza baba yetu anasemaje. Nikamweleza ukweli, kwamba tangu Aika ajiandikishe hujamkataza wala hujamruhusu, ila umeacha kuitikia shikamoo yake. Kila asubuhi anakusalimu, na wewe unaangalia migomba. Akasema, "Kwetu kutoa salamu ni sunna, mwanangu, kuitikia ni faradhi. Hata uliyegombana naye unamwitikia, ndipo mnaendelea kugombana." Nilikuwa nachezea kamba za kiatu kwa kukosa la kufanya.

Ndipo mikono ikakumbuka. Ulikuwa ukinifunga viatu vya shule kwa namna yako, ile uliyoiita kumfunga mbuzi shingo. Kamba ikifika juu huipeleki upande wa pili. Unairudisha hapo hapo inakotoka, inabaki kitanzi kila upande, kisha kila kamba inapita kwenye kitanzi cha mwenzake, unavuta kwa chini, kifundo cha mguu kinakamatwa na kisigino kinazama. Nikafanya hivyo. Nikabeba jora, nikapanda, nikashuka. Kisigino kilikaa, Baba! Kilikaa mpaka ghorofa ya kati. Halafu fundo langu likalegea.

Nimerudia sana. Kuna kitu mwishoni ulikuwa ukifanya kwa kidole gumba, kabla ya kukaza, na mimi nilikuwa mtoto ninayetazama kuku badala ya kutazama mikono yako. Nimempigia Aika kumuuliza yeye anakumbuka nini. Akasema, "Mimi Baba hajawahi kunifunga viatu." Kweli, Baba. Alipofika umri wa kwenda shule, goti lilikuwa halipindi tena.

Kwa hiyo nimevinunua, bei usiulize, na ndiyo maana boksi limeandikwa jina lako na si lake. Viatu nimevipata, kufunga nimeshindwa. Dar yote hii haina mtu anayejua lile fundo. Kama huwezi kuinama, kaa kwenye kigoda chako pale nje, yeye aweke mguu pajani kwako. Mfunge cha kulia, cha kushoto mwache afunge mwenyewe ukimsahihisha. Kisha mwambie ashuke ule mteremko wa mtoni na ndoo ya maji kichwani, umtazame miguu.

Sikuombi uupende mlima. Najua ulichokuchukulia, na hata mimi siupendi. Nakuomba tu asishuke huko kwa kamba alizofunga kwa kubahatisha.

Mpe Mama kitenge kilichokunjwa chini ya boksi, mwambie rangi haichuji, nimekifua mwenyewe. Msalimie shangazi anayeuza ndizi sokoni, na baba mdogo wa kwenye mashine ya kusaga, mwambie ule utani wake ni deni, nikirudi nitamlipa. Jirani yetu mwalimu mstaafu nampa pole ya macho. Bibi mkimpelekea maua kaburini, mwambieni Jumamosi jioni bado inatusumbua.

Jambo moja la mwisho. Bi Salha ananiambia wazee wa pwani husema shikamoo maana yake ni nashika miguu yako. Sikuwahi kulifikiria neno hilo, tunalitupa tu kila siku kama kufungua mlango. Sasa siku hiyo utakayokuwa umekaa kwenye kigoda, wewe ndiye utakayekuwa umeishika miguu yake. Aika atakusalimu, namjua, hajaacha hata siku moja.

Mwitikie, Baba.

Nami kutoka huku naishika yako,

Ndeshi