Maharage ya Ndeshi

Jumamosi, jioni

Na mimi ndiye niliyesimama kanisani nikaahidi mbele ya watu wote! Nusu ya maharage yetu tumpe Ndeshi na watoto wake. Mumewe alichukuliwa na askari wa Mjerumani kubeba mizigo ya vita, hajarudi hadi leo.

Juzi nikayauza yote. Mdogo wangu Elia alikosa rupia za kodi, na asiyelipa anapelekwa kwenye boma la serikali Arusha kuvunja mawe. Ningemwacha afungwe?

Leo Ndeshi amekuja na kikapu chake. Nilianza kumweleza habari za Elia na kodi.

"Usijali, mwalimu," akasema. "Najua hali yenu."

Afadhali angenitukana.

 Mke wangu Naomi aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mbegu, akazimimina zote kikapuni.

"Naomi, hizo ni za kupanda!"

"Wewe uliahidi," akanijibu. "Mimi natimiza."

Ndeshi akatushukuru sote wawili, akaenda zake.

Mvua zimekaribia, shamba nimeshalilima, na sina cha kupanda. Sikuweza kumzuia mke wangu, na mpaka sasa sijaweza kumshukuru.