Viyoyozi Viwili Vilivyozimwa

Jumatatu, 3 Februari

Saa mbili asubuhi. Kupima joto, kuandika, kusafisha vichujio. Nje Shimanzi malori yanachemka juani. Ndani ya chumba cha mashine, kompyuta za kuhifadhia kumbukumbu za wateja, nyuzi kumi na nane, vidole vyaniuma. Viyoyozi sita vinanguruma, na baridi nyingi inapotea bure. Leo nimeifuata kwa kipande cha uzi. Inapenya kwenye nafasi tupu za makabati, inarudi ilikotoka bila kugusa mashine hata moja.

Zamani ningenyamaza. Lakini jenereta kubwa iko kwa fundi, na hii ndogo haibebi viyoyozi sita. Umeme ukikatika, itazimika, na mashine zote pamoja nayo. Humo mna kumbukumbu za zahanati ya wagonjwa wa figo. Nina hofu.

Jumanne, 4 Februari

Nimemwambia meneja, Bwana Mutiso: tuzibe nafasi tupu, tupandishe joto hadi nyuzi ishirini na nne, tuzime viyoyozi viwili. Hakupenda. Kwake yeye mashine ni kama samaki, ikikosa baridi imeoza. Nikamwonyesha karatasi za watengenezaji, zinaruhusu hata zaidi ya hapo. Akanipa hadi Jumamosi. Mashine moja ikizimika kwa joto, kazi sina.

Ami Twalib, fundi mwenzangu, alikuwepo. Yeye ndiye aliyenifundisha viyoyozi, miaka saba sasa. Hakuniunga mkono. Nimeumia kidogo.

Jumatano, 5 Februari

Nimekata vibao vya plastiki, nimeziba kila pengo. Matundu ya nyaya nimeyajaza sponji. Joto nimelipandisha nyuzi moja moja. Saa tisa nikazima viyoyozi viwili.

Nyuzi ishirini na nne. Sawasawa, juu na chini, safu zote. Hata zamani haikuwa sawa hivi. Nimetembea hadi nyumbani Kibokoni nikicheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa.

Nimerudi kutoka swala ya adhuhuri, king'ora kinalia. Safu ya pili, kabati la mwisho, nyuzi thelathini na tatu. Bwana Mutiso alishawasha vyote sita. Mbele ya watu akasema nimechezea kazi ya wateja. Hakuna mashine iliyozimika, lakini ilibaki kidogo.

Walipotoka nikakagua. Vibao vinne vimefunguliwa, vimepangwa nyuma ya kabati. Skrubu zimefungwa kwa utepe, mbilimbili. Ni mtu mmoja tu ninayemjua afungaye skrubu hivyo.

Natamani ningekuwa sijaziona.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nimekwenda kwa Ami Twalib, Majengo. Nimewaamkia, nimeulizwa hali ya mama, nimejibu yote. Kisha nikamuuliza.

Hakukana. Akaniambia, "Rukia, leo wazima viyoyozi viwili. Kesho watauliza mafundi wawili wa nini. Wewe una cheti. Mimi nina mikono hii tu."

Nikasema, "Mle mna majina ya watu wanaosafishwa damu, Ami. Na wewe wajua jenereta ilivyo."

Akatazama sakafu. Akasema hakulifikiria hilo. Mkewe akaleta juisi ya ukwaju. Sikuinywa. Ni mara ya kwanza kukataa kitu nyumbani kwao.

Nikimtaja, anafukuzwa. Nisipomtaja, nafukuzwa mimi. Namwonea huruma na nimemkasirikia, vyote pamoja.

Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nimerudisha vibao. Nimezima viwili tena, Bwana Mutiso kasimama mgongoni mwangu, anataka maelezo ya juzi. Kabla sijamjibu, umeme ukakatika.

Giza. Kisha jenereta. Ikabeba. Mashine zote zinawaka. Nikashusha pumzi mapema mno: kati ya viyoyozi vinne, kimoja hakikuamka. Ishirini na sita. Ishirini na nane. Nabonyeza hicho hicho, hakisikii, na lingine halinijii akilini. Bwana Mutiso ataka viwashwe vyote. Nikamzuia mkono, jenereta ingekufa papo hapo.

Ami Twalib akaja mbio kutoka stoo. Akanisogeza kando, akakikatia umeme kile kibovu, akaamsha kimoja cha vile viwili nilivyovipumzisha. Dakika kumi hazikufika. Thelathini, joto likasimama. Likaanza kushuka.

Umeme uliporudi akajifuta jasho, akamgeukia meneja. "Alhamisi vibao nilivitoa mimi," akasema. "Huyu hana kosa."

Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 10 Februari

Ami amesimamishwa wiki mbili, kisha atarudi. Bwana Mutiso alitaka kumfukuza kabisa. Nikamwambia viyoyozi vinavyopumzika vyataka mtu wa kuviamsha, na mimi Jumamosi sikuweza. Akafikiri sana, akakubali. Viwili vitabaki vimezimwa, tutavizungusha kwa zamu, kila wiki vingine.

Sikumtetea kwa wema tu. Ni kweli namhitaji. Bado nina donge naye.

Jioni nimepita Majengo kumpa habari. Alishazipata. Tumekaa barazani. Aliniuliza kile kibovu kilikuwa na nini. Nikamwambia bado sijakifungua. Akasema nianze na kapasita, kile kikopo cha kuanzishia mota.

Nitaanza nayo kesho.