Kahawa ya Kutafuna Kabla ya Kazi

Mjukuu wangu Mugisha,

Huku Kamachumu tu wazima, mama yako anavuna maharage. Unauliza kwa nini nyinyi vibarua wa mkandarasi hapo Bukoba mnafika gizani, na kazi inaanza jua likiwaka.

Usichanani nilibeba mawe ya barabara. Msimamizi alichukua waliotangulia tu, basi tukawa tunawahiana, mpaka tukatoka nyumbani usiku. Siku moja jirani yetu Koku alitusimamisha njiani, akatugawia kahawa ya kutafuna. Kwetu, ukitafuna kahawa na mtu humgeuki. Tukafika pamoja, jua limetoka. Msimamizi akatafuta wa kwanza, hakumwona. Akatuchukua wote.

Lakini hata leo naamka gizani, nasikiliza nani amenitangulia.

Bibi yako