Mchicha Uliokuwa Kimya

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifika kutoka Maskati, marahaba. Mama yako mzima, mimi goti tu. Unauliza kwa nini uliniona kwenye simu nimeweka fungu la mchicha sikioni, eti nshachanganyikiwa? Sijachanganyikiwa.

Nilipokuwa msichana, Mama alinituma mboga kwenye bustani iliyokuwa nyuma ya majumba ya Michenzani, kando ya mtaro wa maji machafu. Mchicha ulinifika kiunoni, kijani cha kukaribia weusi, hauna tundu hata moja. Nikategea sikio: halii chura, haruki panzi, hata nzi hakuna.

Nikamuuliza bibi mwenye bustani, "Nawe unakula huu?"

"Aa, mwanangu. Mimi naletewa wa shamba," akajibu, huku akinifungia fungu kubwa.

Niliogopa, lakini nikarudi nao, kwa uzuri wake. Mama akanisifu, akaupika, tukala. Ya wiki ile siyaandiki. Wewe unajua tu kwamba mdogo wangu Zuhura hukumkuta.

Ndiyo maana nasikiliza. Mdudu akikwaruza ndani, najua hauna sumu; nanunua, kisha nauosha sana.

Jana sokoni nilisikiliza meza nzima. Kimya. Nikamuuliza muuzaji swali lilelile, naye akaanza kunifungia fungu kubwa. Nikamwachia.

Bibi yako