Viti vya Ngozi

Jumatatu, 2 Juni

Depo nimefungua mapema. Baridi kali, na vumbi limeingia mpaka chini ya mlango. Nimechambua samaki wakavu wa Kasenga, waliovunjika huku, wazima kule. Wateja wachache. Saa ya chakula nimemwachia jirani ufunguo nikaenda kuangalia magari.

Jeep ya kwanza: nyeupe, imetoka Japani, imepitia Zambia. Safu tatu za viti. Injini haina makelele. Lakini usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye barabara ya Kasenga, ukitaka kulipita lori, aliyekaa kulia haoni kinachokuja. Anayekaa kushoto ndiye wa kukuambia pita au ngoja. Mimi sina wa kukaa kushoto.

Freddy, komisioneri anayenitembeza kwa wauzaji, anasema nitazoea. Anadhani natafuta gari la kubebea samaki, basi. Sikumwambia kwamba samaki ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni Yaya Donatien, kaka yangu mkubwa. Nataka jeep inayoipita yake kwa kila kitu. Nataka nipite mbele ya kanisa akose pa kuweka uso.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya. Nimemkumbuka Mama tangu asubuhi, mpaka nikamrudishia mteja chenji ya makosa mara mbili.

Niandike, labda itatulia.

Ilikuwa Februari. Mama yuko nyumbani kwake Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, ana homa, anatapika. Donatien alikuwa kulekule siku ile, amekwenda kuangalia kiwanja chake. Jeep yake nyeusi ilikuwa mpya bado kwake, viti vyeupe vya ngozi, nailoni ya kuvifunika haijatoka. Mama Feza, jirani wa Mama, alimwomba amfikishe hospitali huku Lubumbashi. Donatien akajibu. Maneno yake nimemfanya Mama Feza ayarudie kila tunapoonana:

«Siege ni ya ngozi. Atatapikia mule. Kamio itapita.»

Kamio, lori la mizigo, ilipita kweli. Walimpandisha Mama juu ya mifuko ya mahindi, mvua inanyesha, Mama Feza amemshika kichwa. Alifika mjini akiwa hai. Kwenye kitanda cha hospitali hakufika.

Kwenye matanga Donatien alileta jeneza zuri. Alisimama mbele ya watu akalia, wakamsifu. Nilinyamaza kwa sababu Mama alikuwa bado amelala pale katikati yetu. Kunyamaza si kusamehe. Pesa niliyokuwa naiwekea nyumba, nimeamua iwe ya jeep.

Jumamosi, 7 Juni

Jeep ya pili. Ya kijivu, ya Kikorea. Nzuri kama bibi harusi. Ina kioo cha kugusa kwa kidole, inakuambia mpaka mlango upi haujafungwa. Freddy alitaka tuijaribu kwenye lami ya katikati ya mji. Nimekataa. Nimeiingiza mtaani kwetu Kamalondo, kwenye mashimo yetu. Tumbo limekwaruza chini mara ya kwanza, mara ya pili, Freddy akaanza kusali. Hiyo Kasenga haifiki.

Kabla ya kuirudisha nimelala kwenye kiti cha nyuma. Nilitaka kuona kama mtu anaweza kunyoosha miguu.

«Mama, unalala?» Freddy ananiuliza, anacheka.

Nikamwambia: «Niko na muzee wa kubeba. Mama yangu.»

Sijui kwa nini nimesema vile. Akauliza kama anaweza kupanda mwenyewe, au itafaa gari lenye ngazi ya chini. Nikajibu kwamba magoti yanamsumbua. Tukaongea juu ya magoti ya Mama dakika nzima, kana kwamba ananingoja nyumbani. Nimerudi na hasira. Na jeep ya kwanza pia niliipima ngazi kwa mguu. Sasa ndiyo naona.

Jumanne, 10 Juni

Freddy amekuja depo mwenyewe. Kuna jeep ya tatu. Dizeli, usukani kushoto, imeinuka, imetunzwa.

«Mwenyewe hapendi bantu bajue, Mama. Kontra yake ilikatika kule Kambove.»

Yaani mkataba wake wa kazi umekatika. Akanionyesha picha kwenye simu. Nyeusi. Viti vyeupe vya ngozi. Nailoni bado iko kwenye kile cha nyuma.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Freddy amedhani ni vumbi la samaki.

Donatien anauza! Donatien, aliyekuwa anashusha kioo nusu tu ili kutusalimia. Nimefurahi. Sitajidanganya hapa: nimefurahi kwa moyo wote, nimekula vizuri, nimeimba nikiosha vyombo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeiendesha. Mwenyewe hakuja, anaona haya. Freddy hajui kwamba ni kaka yangu, na mimi sikumwambia.

Nilitaka iwe mbovu. Nilisikiliza injini nikitafuta ugonjwa. Nikachungulia chini, nikakanyaga breki ghafla, nikapanda nayo kingo na mawe kwenye njia ya kutokea mji. Haina neno. Nyeupe usukani wake unakupofusha, ya kijivu inakwaruza tumbo, hii inapita kwenye mashimo kama hayapo. Kati ya tatu ndiyo bora, na si kwa kidogo.

Hapo ndipo hasira imenipanda upya. Ningeikuta ni takataka, ningesema basi, hata hivyo safari ingemuua. Lakini Mama angelala humu. Angelala usingizi kabisa, kutoka mlangoni kwake mpaka hospitali, na mvua ingekuwa nje.

Nimeegesha pembeni, nikamwambia Freddy ashuke anunue maji. Nimelia. Halafu nimerudisha gari.

Ijumaa, 13 Juni

Kutwa nabishana na nafsi yangu.

Nikinunua, namsaidia. Pesa yangu itamtoa kwenye shida. Atalipia watoto shule, atakula, atavaa shati lake la kola nyeupe. Hilo linaniuma kama jino.

Nisiponunua, atanunua mtu mwingine, na Donatien ataishi bila kukutana tena na gari lile.

Nikinunua, ataliona kila siku. Kamalondo si kubwa. Ataliona limejaa samaki mpaka dirishani, viti vile vyeupe vinanuka Kasenga nzima.

Nanunua. Freddy nimemwambia aseme tu kwamba mnunuzi ni mama mmoja mfanyabiashara.

Jumatatu, 16 Juni

Imefanyika.

Tulikutana mchana, kwenye uwanja ambapo Freddy na wenzake wanaegesha magari. Donatien alikuja akiendesha mwenyewe, amelipangusa linang'aa, ana mifuko miwili ya vitu alivyovitoa ndani. Kuniona, akadhani nimeleta habari ya msiba.

«Régine? Kuko nini ku nyumba?»

«Hakuna kitu, Yaya. Ni miye ninanunua.»

Alimtazama Freddy, Freddy akatazama viatu vyake. Halafu Donatien akajaribu kutabasamu. Akasema vizuri, kumbe jeep inabaki kwenye familia. Akaanza kunieleza mafuta gani, tairi gani. Mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba:

«Samaki tu, usipakie ndani. Ile ngozi, harufu haitokake.»

Hajui kwamba Mama Feza aliniambia. Au anajua, na bado anahurumia ngozi.

«Ndiyo maana ninainunua,» nikasema. «Matapishi ya Mama ingetoka na maji na sabuni, Yaya. Ndoo moja.»

Uso wake ulizeeka palepale, nimeuona. Akatia saini. Akanipa ufunguo. Nikapanda, nikawasha. Ndipo akakumbuka kwamba hana gari. Akaja dirishani na mifuko yake.

«Unipeleke basi mpaka ku nyumba.»

Nilikuwa nimelingoja neno lile bila kujua kwamba nalingoja.

«Kamio itapita,» nikamwambia.

Nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amesimama, mfuko mmoja kila mkono. Sikuona huruma. Niliona utamu, mtamu sana, mpaka nyumbani.

Jumatano, 18 Juni

Kasomeno. Nilikwenda huko kuchukua samaki, nimerudi nimechoka, nitaandika kwa kifupi.

Nimeng'oa nailoni kwa mikono yangu na kuitupa. Nimepakia samaki juu ya ngozi, sikutandika hata gunia. Wanawake wa soko wakashangaa. Nilitaka Mama Feza aje aone, na kweli alikuja, lakini hakuja kuona. Alikuja anakimbia. Binti wa jirani yake, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Muuguzi wa pale amesema mjini, haraka.

«Gari imejala,» nikasema.

Mama Feza akatazama ndani.

«Imejala samaki,» akasema.

Alinitazama tu, na mikono yake ilikuwa ileile iliyomshika Mama kichwa.

Nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nimeshusha mafurushi nikiyatupa chini, mengine yamepasuka, mbwa wamefaidi. Tumemlaza binti nyuma. Anaitwa Chantal. Harufu ya samaki imemchafua moyo, hatujafika mbali akatapika kila mahali. Akawa anaomba msamaha kwa sababu ya kiti. Katikati ya uchungu ule, anaomba msamaha kwa sababu ya kiti!

Nimemwambia atapike. Nimemwambia kwa ukali, akaogopa, Mama Feza akanigusa bega.

Sikusimama popote. Wamempokea mlangoni mwa hospitali, wamemwingiza.

Ijumaa, 20 Juni

Samaki niliowaacha Kasomeno, nusu wameibiwa. Sawa.

Donatien ameonekana kwenye kituo cha teksi, amesimama kwenye foleni. Jirani ndiye amenihadithia, akitegemea nitacheka. Nimecheka kidogo. Haikuwa kama Jumatatu.

Bado sijui habari za Chantal.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya kwanza. Nimerudi, nimenywa chai, nimefungua milango yote minne ya jeep ipate jua.

Mama Feza amepiga simu. Walimpasua. Chantal yuko hai, mtoto yuko hai, msichana. Wanatafuta jina. Sikuuliza wamefikiria lipi.

Nimeosha viti kwa sabuni ya kipande, taratibu, mpaka kwenye mishono. Matapishi yametoka yote. Harufu ya samaki haijatoka. Kuna damu kidogo kwenye kiti cha nyuma, imeingia ndani ya ngozi, nadhani itabaki.

Donatien namchukia bado. Naandika ili nisijifanye mwema. Akija hapa leo sitamfungulia.

Ila leo sikumfikiria mpaka jioni. Nilikuwa nasonga bukari ya unga wa mahindi, maji yamechemka vizuri, redio ya jirani inaimba, ndipo akanijia kichwani. Nikaendelea kusonga.

Nimekula. Nimefunga milango ya jeep. Baridi imeanza kushuka.