Alamu aliyoizima Yuliana

Wilfred, usije kunipokea. Basi la Masasi limeniacha. Mie! Mie wa kuachwa na basi!

Jana binti yangu Yuliana alinidondoshea mafuta ya lavenda kwenye mto. "Baba, vuta pumzi taratibu, yanatuliza mawazo, utalala vizuri." Nikalala kweli.

Naamka, saa tatu asubuhi! Nikayalaumu mafuta, nikamwambia yana nguvu mno.

Akasema, "Lavenda inatuliza tu, baba. Alamu ya simu nimeizima mimi."

Kaizima yeye, Wilfred! Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Namuuliza kwa nini, ananijibu hata hanitazami: "Mwaka jana uliaga wiki mbili, ukakaa miezi saba. Mama kafa, wewe hupatikani."

Sasa kaniwekea chai mezani. Nainywaje?