Kila Nyumba Ina Biira

Bwera, Jumanne usiku

Na akanikatia simu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Binti yangu Biira amepanga chumba Kasese, mara yake ya kwanza kuishi peke yake. Wiki iliyopita mtu asiyemjua alimpigia: "Biira, nimetumwa na dada yako Masika. Nisomee namba zilizoingia kwenye simu yako." Alishasoma tatu za kwanza mtandao ulipokatika. Angemaliza, WhatsApp yake ingekuwa ya huyo mtu.

"Lakini mama, anamjua Masika!"

Nilichoka. Sisi Wakonzo msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Mtu akiliona jina lako Facebook, keshajua na la dada yako. Nikamwambia, jina si ushahidi. Akikupigia mtu kwa namba ngeni muulize jambo la nyumbani, hata akisema ni mimi.

Leo simu yangu ilizima, nikaazima ya jirani sokoni.

"Biira, ni mama."

"Mama gani? Mbuzi wetu aliyeliwa na mbwa alikuwa rangi gani?"

Nani anakumbuka rangi ya mbuzi? Nikasema mweusi. Akaguna. Nikasema, "Biira, acha mchezo, ni mimi mama yako."

"Kila nyumba huku ina Biira." Akakata.

Jirani alicheka mpaka nikamrudishia simu yake bila asante.

Yule mbuzi alikuwa mweupe. Nimekumbuka nikiosha vyombo. Simu yangu ina chaji sasa, lakini simpigii. Acha leo alale akijua amefukuza mwizi.